Kisiwa Gani kwa Likizo ya Juni, Ukianzia Kigoma?

Swali: Naandika kutoka Ujiji. Shule zikifungwa Juni nitakuwa na likizo ya siku kumi, na mume wangu ameomba ya kwake ili zilingane. Tuko watano: sisi wawili, mtoto wa miaka 6, mwenzake wa miaka 13 aliye Kidato cha Kwanza, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tumeweka akiba mwaka mzima ili tukapumzike kisiwani. Mume anataka Zanzibar, mimi nimesikia sifa za Mafia na wale papa wakubwa, na jirani anasema twende Ukerewe kwa kuwa ni karibu. Tuchague kisiwa gani?

Jibu: Dada yangu wa Ujiji, umeuliza vizuri. Wengi huniandikia "nitajie kisiwa kizuri" bila kusema wako wangapi, wanaondoka mwezi gani, na nani kati yao hawezi kupanda ngazi. Wewe umeyasema yote, kwa hiyo sina sababu ya kuzunguka. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu, maana sehemu kubwa ya jibu hili inamhusu yeye.

Nendeni Unguja. Laleni siku mbili Mji Mkongwe, kisha siku nne Kendwa au Nungwi. Mafia iwekeni hadi mtakapopata likizo ya Desemba. Ukerewe ningewashauri kama mngekuwa na siku tano. Sasa nieleze sababu, kwa kuwa ukizishika utaweza kujichagulia mwenyewe hata mwaka ujao bila kuniuliza.

Sisi wa Kigoma hatuchagui kisiwa kama anavyochagua mtu wa Dar es Salaam. Yeye akiamka alfajiri, kabla ya adhuhuri keshashuka bandarini Malindi, Unguja, na begi lake begani. Kwetu safari ya kisiwani inaanzia stendi au stesheni, na reli peke yake kutoka Kigoma hadi Dar inapita kilomita 1,200. Kwa hiyo kabla hamjaanza kubishana juu ya fukwe, toeni kwanza siku za njiani. Katika siku kumi zenu, mbili ni za kwenda na mbili za kurudi. Zinabaki sita. Kisiwa kinachodai siku ya tano njiani, kwa kusubiri kivuko au kubadili chombo mara nyingine, kinakula siku ya watoto, na mwenye magoti mabovu ndiye anayeumia zaidi.

La pili ni jambo ambalo wakala wa safari aliyeko Dar hawezi kukuambia, kwa sababu haishi huku. Nyinyi maji mnayo nyumbani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, maji yake maangavu, na mtoto wa Ujiji hujua kuogelea kabla hajajua kusoma. Ukimsafirisha mtoto kama huyo mbali kiasi hicho na kwa gharama hiyo, mpeleke akaone kitu ambacho ziwa lake halifanyi. Hajawahi kuona maji yakiondoka ufukweni asubuhi na kurudi jioni. Hajaonja maji ya chumvi wala kukanyaga ufukwe wenye matumbawe. Hapo ndipo bahari inapoishinda Ukerewe kwa familia yenu, ingawa Ukerewe mimi naipenda na nitairudia.

Sasa tuje kwenye upepo, kwa kuwa ndio unaoamua mambo mengi mwezi wa Juni. Masika hukatika mwishoni mwa Mei. Juni pwani ni kukavu, jua si kali sana, na usiku kuna kijiubaridi kinachomfaa mtu mzima. Lakini ni msimu wa kusi. Upepo huu unatoka kusini na kusini-mashariki, na kuanzia Juni hadi Agosti huwa na nguvu. Wavuvi wenu wa Kibirizi hawatashangaa, kwani miezi hiyo hiyo ziwa letu nalo huchafuka kwa upepo wa kusini. Sasa fikiria ramani ya Unguja: kisiwa kimelala kutoka kusini kwenda kaskazini. Upande wa mashariki, yaani Jambiani, Paje, Bwejuu hadi Matemwe, unapokea upepo huo usoni. Upande wa magharibi na ile ncha ya kaskazini-magharibi umekingwa na kisiwa chenyewe. Ndiyo maana Paje msimu huu hujaa vijana wanaovutwa na tiara juu ya mawimbi. Wao wanautafuta upepo. Mtoto wa miaka 6 anahitaji maji yaliyotulia, na bibi yake anahitaji mahali pa kukaa bila mchanga kumpiga machoni. Kendwa iko magharibi, na Nungwi upande wake wa magharibi ni hivyo hivyo. Mkienda Desemba au Januari hesabu inageuka, kwa kuwa kaskazi huvuma kutoka upande wa pili na kuipiga ile ncha ya kaskazini.

Upepo ni sababu moja. Sababu nyingine ni maji kupwa, na hapa naomba univumilie, kwa kuwa ndilo jambo linalowaharibia likizo watu wengi wa bara. Mtu anaona picha ya ufukwe wa mashariki, maji ya buluu hadi mlangoni, analipia siku nne. Anafika asubuhi anakuta bahari haipo. Haikuibwa, imepwa. Pwani ile ni tambarare mpaka kwenye mwamba ulioko mbali, kwa hiyo maji yakiondoka yanaondoka kweli, na mwenye hamu ya kuogelea itambidi asubiri saa kadhaa. Kendwa ufukwe unateremka mapema, na mtu anaweza kuingia majini karibu saa zote. Nungwi inakaribiana nayo, ila ina sehemu zenye mawe, kwa hiyo uliza.

Kujua maji yatakuwaje siku zenu si kazi ngumu. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huwa makali siku moja au mbili baadaye. Katikati ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kama mama mkwe ana kalenda ya Kiislamu ukutani, itumieni: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za baada ya 15 ni bamvua, za karibu na 8 na 23 ni maji mafu. Unguja wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi jioni na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, yanajaa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku saa inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukishapata tarehe za likizo, kaa na mwanao wa Kidato cha Kwanza mzihesabu pamoja. Ni jiografia ya mwezi na bahari anayoweza kuihakiki kwa miguu yake.

Na maji kupwa yenyewe msiyakwepe kabisa. Chagueni asubuhi moja ya bamvua mwende Jambiani au Paje kwa siku moja tu, mrudi kulala kwenu. Vaeni viatu vya raba au kandambili zenye mkanda, maana kwenye mawe kuna wale wanyama weusi wa miiba mirefu, na mwiba wake ukikatikia mguuni unauma siku nzima. Mtatembea juu ya mchanga uliojikunja mikunjo, maji yakifika kwenye kifundo, hadi mfike kwenye mashamba ya mwani: vigingi vifupi vya miti vimepangwa kwa safu, kamba imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na mwani umefungwa kwenye kamba vifundo vifundo, mwingine kijani, mwingine wa rangi ya udongo. Akina mama wameinama, kanga wamezifunga juu ya magoti, wanavuna na kufunga mbegu kwa mkupuo mmoja. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Pembeni utamwona mtu na fimbo ya chuma akichokora kwenye mashimo ya mawe, anatafuta pweza. Kwenye vidimbwi vilivyobaki kuna viti vya pweza vyekundu, wale wanyama wenye umbo la nyota, kaa wadogo wanaokimbia ubavu ubavu, na visamaki vilivyonaswa vikisubiri maji yarudi. Mtoto wako wa miaka 6 hatataka kuondoka hapo.

Tembeeni kati ya safu, msikanyage kamba, kwani lile ni shamba la mtu. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Na angalieni saa: maji yakianza kurudi hayaji na wimbi kubwa la kukutisha, yanapita kimya kimya kwenye mikondo iliyoko nyuma yenu, na mtajikuta kati yenu na nchi kavu kuna maji ya mapaja. Akina mama wakianza kubeba magunia yao, geukeni nanyi.

Siku mbili za Mji Mkongwe nimezipanga mwanzoni kwa ajili ya huyo wa miaka 13. Mji huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na watalii huja kutazama milango na vichochoro. Mtoto wa Ujiji ana sababu kubwa kuliko hiyo. Amekulia mwanzo wa njia ambayo mwisho wake ni pale. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo, kisha ikavuka kwenda Unguja. Amepita mara ngapi chini ya ile miembe ya Ujiji na kwenye kumbukumbu ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871? Mpeleke sasa Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani yake zimesimamishwa sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Ndani kuna msalaba unaoelezwa kuwa umechongwa kutoka kwenye mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, kule Chitambo, katika Zambia ya leo. Mkitoka hapo mtembee hadi Shangani mkaione nyumba ya Tippu Tip, ambaye misafara yake ilipita Tabora na Ujiji kwenda na kurudi Kongo, na ambaye alifia Unguja mwaka 1905. Mtoto atakayesoma jambo hili darasani baada ya kuona ncha zote mbili za njia hatalisoma kama wenzake. Ningetamani kila mtoto wa Kigoma na Tabora apate nafasi hiyo walau mara moja.

Ila Mji Mkongwe una jambo lake na wazee. Nyumba za zamani ni za ghorofa mbili au tatu, ngazi zake za mbao zimesimama wima na kila kidato ni kirefu. Hoteli nyingi zinajisifu kwa sehemu ya juu ya paa ambako unaiona bahari ukinywa chai. Kwa mama mkwe hiyo si sifa hata kidogo. Unapopiga simu, sema tangu mwanzo: "Nina mama mzee, nataka chumba cha chini, na choo kiwe ndani." Kisha uliza gari linaweza kufika umbali gani, kwa sababu vichochoro vingi havipitishi gari na mizigo hubebwa kwa mkokoteni. Nyumba iliyo karibu na barabara, hata kama haina nakshi nyingi, itamfaa kuliko ya kupendeza iliyozama katikati ya vichochoro.

Jioni nendeni Forodhani. Kuna mahali pa kukaa, bahari iko mbele, watoto wanawatazama vijana wakijirusha majini kutoka ukutani, na vyakula viko pale pale. Uliza bei kabla samaki hajaingia kwenye sahani. Kama tumbo la mama halipendi vya kukaanga, urojo wa moto, ile supu nzito ya Unguja, usiotiwa bajia utamkaa vizuri. Mkifika bandarini na baadaye mitaani mtafuatwa na papasi wanaotaka kuwaongoza. Wajibu kwa upole kuwa mmeshapokelewa na wenyeji wenu, na msisimame. Siku ya pili mmoja wenu awapeleke watoto kisiwani Changuu wakaone kobe wakubwa ambao asili yao ni kisiwa cha Aldabra, Shelisheli. Boti huwa inawashusha watu kwenye maji ya magotini, kwa hiyo mama abaki mjini na mwingine wenu, wapumzike.

Nimeitaja boti hiyo kwa makusudi. Mwenye shida ya magoti hasumbuliwi na safari ndefu ya meli yenye viti. Anasumbuliwa na kushuka. Visiwa vidogo vingi havina gati. Mashua inasimama, unaambiwa "ruka mama", na maji yanacheza. Kila kisiwa kidogo utakachosifiwa, swali lako la kwanza liwe kama kuna gati, na la pili liwe kama gati hilo linafikika maji yakipwa.

Kuhusu Mafia, dada, sikukatishi tamaa. Kwa maisha ya chini ya bahari naiweka mbele ya Unguja bila kusita. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na matumbawe ya Ghuba ya Chole yamesalimika kuliko sehemu nyingi za pwani yetu. Lakini wale papa uliosikia habari zao, papa potwe, msimu wao karibu na Kilindoni ni Oktoba hadi Machi. Ukienda Juni utakuwa umefuata kitu ambacho hakipo. Juni kusi pia hufanya miamba ya nje ya ghuba isiendeke kirahisi, na kinachobaki ni ndani ya Chole, ambako ni kuzuri lakini kunawafaa zaidi wazamiaji. Halafu kuna njia: kutoka Dar unashuka hadi Nyamisati, upande wa Kibiti, kisha kivuko hadi Kilindoni, ama ndege ndogo. Kwa barabara hiyo ndiyo ile siku ya tano niliyosema, na ukijumlisha kurudi ni ya sita. Desemba watoto wakiwa na likizo ndefu, bahari ikiwa imetulia kwa kusubiri kaskazi ichanganye na papa potwe wakiwepo, nendeni. Mdogo naye atakuwa amekua kidogo, ataweza kuvaa miwani ya majini bila kulia.

Jirani yako hakukosea kuitaja Ukerewe. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, na kwa mtu wa Kigoma mwenye siku tano ndicho cha kufikirika. Kutoka kwenu basi linapita Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Geita. Tangu Juni 2025 kuna daraja la JP Magufuli kati ya Busisi na Kigongo, kwa hiyo ile foleni ya kivuko kabla ya Mwanza imekwisha. Mnalala Mwanza, kesho yake mnapanda meli hadi Nansio, safari ya saa tatu hivi, na meli inafika kwenye gati, mama anashuka kwa miguu mikavu. Ukerewe ni ya baiskeli, machungwa, mawe makubwa yaliyobebana, sato wa jioni, na watu wenye muda wa kuzungumza. Mtu aliyechoka kelele atapumzika pale kuliko Nungwi, ambako muziki wa hoteli huenda hadi usiku. Kasoro ni kichocho. Ziwa Victoria kandokando yake, hasa penye maji yaliyotuama na majani, si pa kuwaachia watoto waogelee, na watoto wa Ujiji ukiwapeleka kisiwani ukawaambia wasiingie majini, hiyo kwao ni adhabu. Mkienda, watoto waogelee kwenye bwawa la hoteli, na mkirudi waambieni wahudumu wa afya mlikuwa wapi ili wapime kama kuna haja.

Rubondo nayo iko upande huo, na kwa barabara kutoka Kigoma ndiyo iliyo karibu kuliko zote: mnageuzia Chato kabla hata ya kufika Geita. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, hakuna kijiji ndani, kuna msitu mnene, nzohe, aina ya swala, wanaotembea kwenye matete, ndege wengi, na mabanda ya TANAPA ya kulala kwa bei ya Mtanzania. Gharama yenyewe iko kwenye boti ya kuvuka, ambayo mara nyingi hulipiwa chombo kizima, kwa hiyo ni kisiwa cha kwenda familia mbili au tatu pamoja. Sokwe wa Rubondo waliletwa kati ya 1966 na 1969, lakini mtu mwenye Gombe na Mahale nyumbani asivuke ziwa jingine kufuata sokwe. Ajiandae na mbung'o, na kuogelea asahau kwa sababu ya mamba.

Pemba ni ya mara ya pili, mtu akishaijua Unguja: vilima, mikarafuu, msitu wa Ngezi, utulivu wa kweli. Juni mkondo wa kati ya Nungwi na Pemba una mawimbi makubwa, na simpeleki mzee huko kwa boti msimu huu. Visiwa vya Kipili, kusini kwenye ziwa letu wenyewe upande wa Nkasi, ni vizuri sana, ila ni Tanganyika ile ile mliyonayo, na ncha ya kusini ndiyo inayopigwa zaidi na upepo miezi hii.

Njia sasa. Basi la alfajiri kutoka Kigoma kupitia Uvinza, Tabora na Manyoni linawafikisha Dodoma usiku. Msiendelee. Laleni Dodoma, mama anyooshe miguu kitandani, kesho yake mpande treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024. Ni saa tatu na nusu hadi nne mpaka Dar. Kutoka stesheni hadi bandarini si mbali, bajaji dakika chache, na boti ya mchana inawafikisha Unguja kwa saa mbili hivi. Mkipanda treni ile ya kawaida kutoka Kigoma moja kwa moja, chukueni daraja la kulala, ila itakula karibu siku mbili peke yake. Kama akiba inaruhusu tiketi mbili tu za ndege, mnunulie mama na mtu wa kumsindikiza za kurudi, Dar hadi Kigoma. Kwenda watu wana hamu na mwili unavumilia. Kurudi ndiko magoti yanakovimba.

Baharini, mkienda Unguja kusi inawasukuma kutoka nyuma. Kurudi Dar mnapingana nayo, na boti hupiga zaidi. Kwa hiyo kurudi pandeni boti ya kwanza ya asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu. Kaeni ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma. Juu na mbele ndiko kunakoyumba. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika.

Na hili naliomba kwa dhati: msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama mtapoteza nauli. MV Spice Islander I ilizama 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe 18 Julai 2012, MV Nyerere ilipinduka Ukara 20 Septemba 2018. Wote waliokuwamo walikuwa wasafiri kama nyinyi, wengine na watoto mapajani. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla, na mkitumia mashua ndogo, kila mtoto avae jaketi okozi linalomkaa kabla chombo hakijaondoka. Nahodha akisema hana ya watoto, mtafuteni mwingine.

Tarehe zenu zipangeni kabla ya Julai kuanza. Julai na Agosti wageni kutoka Ulaya huwa kwenye likizo zao za kiangazi, vyumba vya Kendwa na Nungwi hupanda bei na kujaa. Katikati ya Juni bado kuna nafasi ya kuzungumza. Piga simu mwenyewe, zungumza Kiswahili, omba bei ya Mtanzania, kisha uliza kama ufukwe wao unaogeleka maji yakipwa na uombe wakutumie picha iliyopigwa wakati huo. Mwenye hoteli mkweli ataituma. Bebeni vitambulisho vya taifa vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwani vitahitajika kwenye treni na kwenye boti. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Mkiingia kijijini au Mji Mkongwe, kanga na suruali ndefu. Na tiketi za boti ya kurudi zinunueni siku mnayofika, za siku moja kabla ya treni yenu ya Dodoma (siku hiyo itoeni kwenye zile nne za ufukweni), ili kusi ikizuia vyombo kwa siku moja, treni isiwaache.